Ndege kwenye Ukuta wa Chama cha Maziwa

Niliacha kazi kwa sababu ya macho, si kwa sababu yenu, vijana mnaochora kwa kompyuta. Naanza na hilo kwa kuwa kuna uvumi hapa Sosiot kwamba Fundi Ombati aliweka brashi chini baada ya kushindwa na kompyuta. Kompyuta gani imewahi kupanda ngazi? Mimi nimepanda ngazi miaka arobaini na ushei, kutoka Soin hadi ng'ambo ya Bomet. Kila bucha, kinyozi na kanisa lililokuwa na jina mlangoni, ama jina hilo niliandika mimi, ama niliandika lile lililofutwa ili hilo mnaloliona lipate nafasi.

Sasa mnakuja kwangu. Mnakaa kwenye kiti changu cha plastiki, mnanitolea simu, mnasema, "Mzee, hebu cheki hii logo, uniambie ukweli." Ukweli ni kwamba naona jani. Wa jana naye aliniletea jani. Majani mawili na chipukizi katikati, rangi ya kijani, na chini yake mstari uliopinda kama alama ya mtu aliyeteleza kwenye matope. Nikauliza, hii ni ya kiwanda cha chai? Hapana mzee, ni ya daktari wa meno. Nimeona jani la chai kwenye chama cha bodaboda, kwenye shule ya chekechea, kwenye saluni, na juzi, Mungu ni shahidi, kwenye duka la majeneza. Nilibaki nimesimama pale nikijiuliza kama marehemu anazikwa au anachemshwa.

Fikirini kidogo. Hapa kwetu chai inaanzia mlangoni na kuishia pale mawingu yanapogusa kilima. Ukimwambia mgeni "shuka pale penye jani," atashuka popote. Kazi ya alama ni kumtenganisha mtu na jirani yake. Ikiwa yako inafanana na ya jirani, basi umemlipa fundi akufiche. Lakini nyinyi mna majina makubwa ya kufunikia uvivu. Hii ni "minimalist," mzee. Hii ni "clean." Hata ukuta ambao haujapakwa kitu ni clean, na haukuhitaji mtu aliyesomea.

Na msinianzishe kuhusu kampuni za simu. Zilikuja na rangi ya bure, zikapaka duka baada ya duka mpaka soko zima likavaa sare. Jina la mwenye duka likabanwa pembeni kwa herufi ndogo kama za onyo kwenye chupa ya dawa ya kupe. Mtu amejenga duka kwa jasho lake, leo mtoto hatumwi tena kwa Mama Faith. Anatumwa "pale kwa rangi ya kijani," na maduka ya kijani yako saba. Wenyewe wakashangilia, kwa sababu cha bure hakiulizwi.

Mimi kazi hii nilifundishwa na mzee Arap Ng'eno, aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko mjini Kericho. Baba yangu alitoka Kisii kuja kuchuma majani kwenye shamba kubwa, nami nikazaliwa kwenye kambi ya wachumaji. Nilipokwenda kuomba kazi, mzee hakuniuliza kabila wala cheti. Aliniuliza kama mkono wangu hutetemeka nikiwa na njaa. Nikasema hapana. Akasema, "Basi utakula baadaye," akanipa ngazi niibebe.

Kosa langu la kwanza la kukumbukwa lilikuwa ng'ombe. Nilitumwa kwenye bucha mpya, nikachora ng'ombe mzuri mno, mweusi na mweupe, macho ya huruma, kiwele kimejaa. Nilijivunia kile kiwele. Kesho yake mwenye bucha akanitumia mtu niende mbio. Wamama walikuwa wamesimama nje, hakuna anayeingia. "Huyu anachinja ng'ombe ya maziwa," mmoja alikuwa anawaambia wenzake, "tena imejaa hivi. Lazima ilikuwa gonjwa." Maana hapa hakuna mwenye akili timamu anayechinja ng'ombe anayekamuliwa vizuri. Arap Ng'eno alikuja, akatazama, akacheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akachukua brashi, akafuta kiwele, akaongeza nundu, na kwa dakika kumi ng'ombe wangu akawa fahali.

"Hapa mtu anaweza kupita bila kusoma jina," akaniambia akisafisha brashi. "Lakini ng'ombe atamsoma mpaka kwato."

Shule hiyo nyinyi hamkuipitia, mlijifunza kwa video. Mzee alinifundisha kukata stensili kwenye picha za eksirei zilizotupwa, kwa sababu hazilowi wala hazikunjiki. Ukiinua moja juani unaona mbavu za mtu, na katikati ya mbavu umekata neno KINYOZI. Alinifundisha kupaka asubuhi, kwani mvua ya huku ikifika mchana haina simile. Na alinifundisha kuvuka barabara. Ukimaliza herufi tatu shuka, vuka, geuka, tazama. Alama haisomwi na mtu aliyeikaribia kwa pua. Inasomwa na mtu anayepita, ana mzigo kichwani, ana haraka, na mawazo yake yako kwa mtoto aliyeachwa nyumbani. Nyinyi mnaivuta kwa vidole viwili kwenye kioo mpaka mnaona chembe za rangi, halafu mnasema imekamilika. Nani atakuja kuuvuta ukuta kwa vidole?

Haya. Nimewatukana vya kutosha, sasa nije kwa lile lililonikalisha chini kuandika. Nataka kuwaambia jinsi chama chetu cha maziwa kilivyokufa kwa sababu ya picha, na picha yenyewe niliipaka mimi.

Kilikuwa chama cha wakulima wadogo, wengi wao wamama wenye ng'ombe wawili au watatu. Kilikuwa na tangi moja la kupoza maziwa. Tangi hilo lilitaka maziwa ya kutosha kila siku, la sivyo stima ya kuliendesha ingekula chama kizima. Hata mtoto alijua. Maziwa yakipungua, tangi linazimwa, na likizimwa, kila mtu anarudi kwa mabroka, wale madalali wanaojipangia bei. Jirani yangu Mama Chela, mjane, alikuwa amepeleka maziwa pale kila asubuhi tangu alipomzika mumewe. Ni maziwa hayo yaliyomfikisha binti yake, Chela, chuo cha ualimu.

Miaka ya mwanzo mimi ndiye niliyeweka alama kwenye mikebe yao. Baadhi hawakusoma, kwa hiyo kila mmoja alichagua picha yake: kitana, jembe, kijiko, nyota. Mama mmoja alitaka pasi ya makaa. Nikamchorea, ikafanana na kiatu, na mpaka anakufa mkebe wake uliitwa wa kiatu. Hakuna mkebe uliowahi kwenda kwa mtu mwingine. Hizo ndizo logo, vijana. Hazikuja na kitabu cha maelezo.

Kisha chama kikapata mwenyekiti mpya, na mwenyekiti mpya akaamua kwamba maziwa yanahitaji sura. Hilo neno sura lilikuja kutoka Nairobi pamoja na kijana mmoja wa kubuni logo aliyeitwa Brayo, suruali imembana, kikombe cha kahawa mkononi. Kahawa! Kericho! Pale pale ningepaswa kujua.

Brayo alikaa siku tatu. Aliwaita wamama mkutano, wakaacha kukata nyasi, wakaja na leso zao za kanisani. Akawapa vijikaratasi vya rangi wabandike ukutani. Akawauliza, "So, kama hii chama ingekuwa mnyama, ingekuwa mnyama gani?" Wakatazamana. Mmoja akasema ng'ombe. Wa pili akasema ng'ombe. Mama Chela akainua mkono kwa heshima, akasema yeye pia anaona ni ng'ombe. Brayo akacheka, akasema hiyo ni ya kawaida sana, kila mtu ana ng'ombe. Jioni akaenda matembezi kule bondeni kwenye majani mabichi, akaona korongo wenye taji wanatembea wawili wawili, akarudi macho yanang'aa.

Siku ya kunipa kazi alinionyesha mchoro. Nitasema kweli hata kama inaniuma: ulikuwa mzuri. Shingo ya mstari mmoja, taji la miale mitano, na nafasi tupu imeachwa mahali pake. Sijawahi kuona kijana wa kompyuta anayejua kuacha nafasi. Lakini moyo wangu ulishtuka, kwa sababu yule ndege nilikuwa namjua. Wakipsigis, wenyeji wa hapa, wanamwita kong'ony, na ana wenyewe.

Hilo nalo lilikuwa somo la Arap Ng'eno. Nikiwa bado mwanagenzi nilitaka kumchora tembo juu ya mlango wa kinu cha posho, nikiona kwamba tembo ni nguvu. Mzee alinishika mkono wenye brashi. "Uliza kwanza," akasema. "Hapa mnyama si mapambo." Akanieleza kwamba kila ukoo una mnyama wake, huyu tembo, huyu nyuki, huyu chura, huyu nyani, na mtu humheshimu mnyama wa ukoo wake kama jamaa. Ukimweka mnyama wa ukoo mmoja juu ya mlango wa watu wote, umeandika jina la mwenye nyumba. Akaniambia nichore kibuyu, jembe, kilima, au ng'ombe, maana ng'ombe ni wa kila mtu. Kwa hiyo wale wamama na vijikaratasi vyao walikuwa wamejibu sawa kabisa.

Na kong'ony alikuwa wa ukoo wa mwenyekiti.

Mwenyekiti hakuwa ameomba apewe ndege wake. Aliletewa, akafurahi, na mtu aliyefurahishwa hajiulizi maswali. Wazee wa kamati waliona, wakatazama viatu vyao, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme. Wakati huo uchaguzi wa chama ulikuwa umepita juzi tu, na watu wa koo nyingine walikuwa wangali wakinong'ona kwamba chama kimeingia mfukoni mwa nyumba moja. Manung'uniko hayo hayakuwa na ushahidi. Yalikuwa yanautafuta.

Nilifungua mdomo, msiseme sikufungua. Nikamwambia, "Kijana, huyu ndege hapa ana maana yake. Umeuliza wazee?"

Brayo hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mzee, hiyo tulishafanyia research. Wewe piga rangi tu, creative tuachie sisi."

Piga rangi tu. Mimi, ambaye mkono wangu uliandika majina ya makanisa kabla baba wa kijana huyu hajaoa! Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti moja kwa moja, nyumba yake si mbali. Ningeweza kumwambia katibu, ningeweza kumwambia mchungaji. Badala yake nilijisemea moyoni, asiyejua maana haambiwi maana. Nikafunga mdomo, nikafungua kopo la rangi.

Nikampaka yule ndege vizuri kuliko nilivyowahi kupaka kitu chochote. Nilitumia rangi ya mafuta, ile ghali ninayowawekea watu wa kanisa. Siku nne nilivuka barabara ile, nikatazama, nikarudi, nikanyoosha mwale wa taji kwa brashi ya nywele tano. Wapita njia walisimama kunisifu. Nami kila nilipovuka nilicheka peke yangu, nikiwaza siku Brayo atakapoitwa mbele ya watu aeleze, ajikune kichwa, na mtu fulani aseme, tungemuuliza Fundi.

Brayo hakuitwa. Hapo ndipo ujanja wangu ulipofika mwisho wake. Alipiga ukuta picha, akauweka kwenye mtandao, akapongezwa na watu ambao hawajawahi kukama, akarudi Nairobi. Ndege akabaki na sisi.

Wiki ya kwanza watu walipita wakatazama tu. Wiki ya pili mzee mmoja alisimama kwenye mkutano, kofia mkononi, akauliza kwa upole, "Mimi nataka tu kujua. Hii maziwa ni ya chama ama ni ya kong'ony?" Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alipandwa na hasira. Akasema hayo ni mambo ya zamani, sisi ni Wakristo, nani bado anahesabu ndege? Laiti angecheka na kusema amekosea, pengine yangeisha. Lakini ile hasira ndiyo watu waliyokwenda nayo nyumbani. Kesho yake mikebe ya upande wa juu haikuja kituoni. Wiki iliyofuata na ya upande wa chini ikapungua.

Kamati ikaniita nifute. Nilipaka nyeupe mara tatu, na mara tatu taji likajitokeza chini yake, kwa kuwa nilikuwa nimetumia rangi bora. Mwishowe nilikwangua plasta yenyewe. Haikusaidia kitu, watu walishaona walichoona, na mtu akishapata sababu ya kumshuku mwenzake hairudishi dukani. Tangi lilizimwa kabla mvua ndefu hazijaisha. Bado liko mle ndani, limefungiwa, na kuku wa mlinzi wanataga chini yake.

Sasa mnajua kwa nini nawadharau, na sijaacha. Kijana aingie nchi ya watu siku tatu, asiulize hata jina la ndege, halafu aite hiyo utafiti! Lakini Brayo alikuwa na udhuru mmoja ambao mimi sina: hakujua. Nilimwona mjinga anaelekea shimoni, nikamnyamazia ili nipate kumcheka, na nilisahau kabisa kwamba nyuma yake alikuwa amefuatana na wamama wote wa Sosiot na mikebe yao. Ujuzi nilioringa nao miaka arobaini ulihitajika siku moja tu, na siku hiyo nilikuwa nimekasirika.

Mama Chela sasa anauzia broka wa pikipiki. Broka huyo anakuja akitaka, anaonja, anakunja uso, anasema maziwa ni mepesi, anataja bei yake na hakuna wa kumbishia. Matope yakizidi haji kabisa, na siku hizo ndama wanashiba kuliko watoto. Chela amerudi nyumbani kutoka chuoni. Mamake anasema ni kwa muda. Namwona akipita na mzigo wa nyasi, ananisalimia vizuri, na mimi najifanya natafuta kitu mfukoni.

Mwezi uliopita nilikwenda kwao kuazima panga. Mama Chela alikuwa anaosha vibuyu. Akanipa kigoda, akaniuliza habari ya macho yangu, akaniuliza habari ya watoto. Kisha akafuta mikono.

"Fundi, kuna kitu nimekuwa nataka kukuuliza, usikasirike," akasema. "Wewe umekaa na sisi miaka mingi. Wakati ulikuwa unachora ile ndege, ulijua ni ya nani?"

Nilikuwa na nafasi yangu pale. Hapakuwa na Brayo, hapakuwa na mwenyekiti, tulikuwa wawili na vibuyu.

"Mama Chela," nikasema, "mimi ni mtu wa Kisii. Mambo ya koo zenu ningejulia wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Ni kweli," akasema. "Hukuwa na mtu wa kukuambia."

Akaingia ndani, akarudi na mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, kikombe kimejaa mpaka ukingoni, na akasimama pale mpaka nikamaliza chote.